Ruzuku ya serikali shuleni ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, halafu wazazi wa uswahilini ndio tunaambiwa hatujali!

Wakuu, nimetoka kikao cha wazazi nimefura. Shule ya msingi ya serikali, hapa hapa Dodoma mjini, siitaji. Ajenda ni ile ile: mlinzi hajalipwa, umeme wa LUKU umekata, karatasi za mtihani hakuna. Wazazi changeni.

Ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 inakatwa juu kwa juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inashuka 6,000. Gawanya kwa miezi 12, ndiyo hiyo 500. Nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi inaizidi! Na hiyo 10,000 ni ya tangu MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) inaanza 2002, ilipokuwa sawa na dola 10. Leo dola 10 ni zaidi ya 20,000. Chaki imepanda, saruji imepanda, ruzuku imekaa pale pale.

Huku jiji linafurika. Sensa ya 2012 tulikuwa kama 410,000, ya 2022 tumepita 760,000. Hao watoto wanasoma wapi? Kiwango cha serikali ni 45 darasani, la mwanangu wamevuka mia. Madarasa mapya yamejengwa sehemu nyingi na nashukuru kwa dhati, ila jengo halinunui karatasi.

Kinachoniuma zaidi ni huu "usawa" wa kila kichwa 10,000. Shule yenye wazazi watumishi ikipungukiwa, wanachanga jioni moja kwenye WhatsApp, yamekwisha. Huku uswahilini, Chang'ombe au Nkuhungu, atachanga nani? Mama anayeuza vitumbua? Vibarua waliobeba zege la Mji wa Serikali pale Mtumba ndio baba zao hawa watoto! Waraka wa Elimu wa serikali, Na. 5 wa 2015, ulifuta michango ya lazima, sasa imerudi kwa jina la hiari, na mtoto ambaye kwao hawajatoa anasimamishwa mbele ya wenzake. Huo ni unyanyasaji.

Ruzuku ipandishwe na iwe inafuata bei za sokoni. Shule zenye msongamano na kaya maskini ziongezewe juu ya hicho kiwango. Na kila fedha ikiingia, ibandikwe ubaoni tuisome.

Wenye watoto shule za serikali Makole, Kizota, Nzuguni, na nyie wa Singida mjini: kwenu ruzuku ya mwisho imeingia lini, na mnachangishwa nini?