MREJESHO: Kaka aliyepandikizwa figo, mikono ilikuwa inatetemeka

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu kaka yangu: anatetemeka mikono hadi chai inamwagika kwenye sosa, na alitaka kuacha dawa kwa sababu "figo mpya imeshazoea".

Tulirudi kliniki. Daktari akasema figo haizoei hata siku moja. Mwili unaiona mgeni, na chembe nyeupe za damu ziko tayari kuishambulia. Takrolimasi, dawa yake ya kushusha kinga, inazizuia zisipeane ishara ya kuzaliana, ndiyo maana anaimeza kila baada ya saa 12. Akiacha, figo inakataliwa.

Kipimo cha damu kilionyesha dawa imezidi mwilini. (Damu inatolewa asubuhi kabla ya kumeza dozi. Mara ya kwanza alimeza akiwa nyumbani, tukarudishwa!) Akaulizwa anakula nini. Kumbe shemeji alikuwa anamkamulia juisi ya balungi kila asubuhi, eti ya kuongeza damu. Balungi linazuia dawa isivunjwe mwilini, inarundikana, na ikizidi inaumiza figo hiyohiyo.

Ameacha balungi, kipimo cha wiki iliyofuata kimeshuka. Kutetemeka kumepungua, ila kifungo cha shati bado kinamsumbua. Uso kuvimba na njaa ya usiku vinatokana na predinisoloni, dawa yake nyingine ya kushusha kinga, dozi inapunguzwa taratibu. Sukari na presha tunapima.

Yule aliyenishauri mizizi ya "kuongeza kinga", asante, lakini kinga ndiyo tunayoishusha.