Mama anabadilishwa goti, daktari anataka mishipa ya fahamu igandishwe kwanza. Naombeni ushauri

BintiTanga: Salaam wanajamvi. Tuko Columbus, Ohio. Mama ana miaka 71, goti la kulia limelika kabisa, mwezi ujao anawekewa la bandia. Daktari anashauri wiki chache kabla ya upasuaji wamgandishe mishipa ya fahamu ya mbele ya goti kwa kifaa kinaitwa iovera, ili maumivu yapungue. Mama kaniuliza, "Mwanangu, si watanipoozesha mguu?" Mimi naogopa zaidi vidonge vya maumivu. Goti la kwanza alipewa oksikodoni, dawa kali ya maumivu, akawa anasinzia mchana kutwa, choo kigumu, mtu wa mazoezi akija anaambiwa rudi kesho. Lile goti mpaka leo halikunji vizuri. Aliyepitia haya anisaidie.

Nesi_wa_Zamu: Msalimie mama, mwambie hapoozi. Inayogandishwa ni mishipa ya hisia tu, siyo ile inayoendesha misuli. Gesi ya naitrasi oksaidi inazunguka ndani ya sindano iliyozibwa, haimwingii mwilini. Kwenye ncha kunajiunda kibonge cha barafu, nyuzi kama 88 chini ya sifuri. Uzi wa ndani wa mshipa unakufa ila ganda lake linabaki, kwa hiyo unaota tena kwa kufuata njia ileile, polepole, kama milimita moja kwa siku. Ndiyo maana nafuu inaweza kufika siku 90.

BabaJunior_Houston: Mimi nimefanyiwa. Wanakuchoma ganzi ya ngozi kwanza, halafu unasikia baridi na kugandamizwa. Nilivilia damu kidogo, ikaisha. Mbele ya goti pakafa ganzi, hata suruali ikigusa husikii. Ila sikufichi dada, baada ya upasuaji maumivu ya ndani kabisa na ya nyuma ya goti yalikuwepo, na dawa nilimeza. Nilichofaidi ni mazoezi: nilikunja goti bila kuuma meno. Bima waulizeni mapema, wajibu kwa maandishi.

MzeeWaPwani: Ngozi pale inaweza kubaki na doa, mama ajue. Na pakishakufa ganzi msimwekee chupa ya maji ya moto. Ataungua asijue.

BintiTanga: Asanteni sana, mama nimemsomea yote, katulia. Swali jingine: tangu tuhamie huku, baridi ikianza vidole vyake vya mikono vinakuwa vyeupe pe, halafu vinauma. Hiyo inahusiana?

Nesi_wa_Zamu: Inahusiana sana! Huenda ni ugonjwa wa Raynaud, yaani mishipa ya damu ya vidole inabana kupita kiasi kwenye baridi, na mwenye nao hagandishwi. Vilevile anayetokwa vipele kwa baridi, au mwenye kriyoglobulinemia, yaani protini fulani za damu zinagandamana kwenye baridi. Mpigie daktari kesho asubuhi, kabla hamjakubali tarehe. Wakisema haiwezekani, uliza kuhusu ganzi ya mshipa inayochomwa pajani siku ya upasuaji, ile isiyolegeza sana misuli. Haikai muda mrefu, lakini siku ya kwanza inamvusha. Parasetamoli, ambayo huku ni Tylenol, anywe kwa saa kama daktari atakavyopanga, asingoje maumivu yapande. Na akiandikiwa oksikodoni tena, omba dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.