Maji ya nyumba yako na meno ya mtoto: tuliohamia Arusha tusome hili

Kutoka: Mama wa wawili, Njiro

Asalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu wa Pwani mliotawanyika Arusha na Moshi.

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka saba kliniki ya kinywa na meno. Hakuwa na maumivu. Meno yake mawili ya mbele ya juu, yale ya ukubwani, yametoka na michirizi myeupe kama chokaa, nami nikadhani hapigi mswaki sawasawa. Nilikuwa nimemgombeza siku nzima. Daktari akamlaza kitini, akalipuliza jino upepo hadi likakauka, kisha akanipa kioo nishike mwenyewe. Jino likiwa na mate, michirizi ile huioni vizuri. Likikauka inajitokeza, mistari imelala upana wa jino, mmoja juu ya mwingine, kama ukindu kwenye mkeka. Hakuniuliza habari za peremende. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama, alipokuwa mchanga mlikaa wapi, na maji mlichota wapi?"

Tulikaa upande wa Usa River, nyumba ya kupanga yenye kisima uani. Maji meupe, baridi, matamu, kila mgeni aliyasifu. Mimi mtoto wa Kisauni, Mombasa, nimelelewa kuogopa kipindupindu, kwa hiyo nikayachemsha mpaka yakatokota, nikayachuja kwa kitambaa, nikamkorogea mtoto maziwa ya kopo. Miaka mitatu nilifanya hivyo kila asubuhi na roho yangu imetulia.

Jamani, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, hakuiondoi. Ni kama chumvi kwenye mchuzi: mchuzi ukikauka, chumvi haiendi popote, inazidi kukolea. Hilo hakuna aliyeniambia nilipokuja, ndiyo maana nawaandikia.

Floraidi hii inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima Meru. Maji yanapita humo chini, yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na viko vyanzo kwenye miteremko ya Meru vilivyopimwa vikapita miligramu 10. Mkienda Moshi kwa barabara mnapita mahali panapoitwa Maji ya Chai, jina la mto wenye maji ya rangi ya chai. Wenyeji wa huku wanajuana kwa meno ya kahawia hata wakiwa Dar es Salaam. Mimi niliyaona miaka yote na sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi.

Alivyonieleza daktari, jino la ukubwani linajengwa ndani ya ufizi, polepole, tangu mtoto azaliwe hadi kama miaka minane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, gamba la nje la jino halikomai vizuri. Linatoka na michirizi myeupe, na likishakaa kinywani doa linaweza kugeuka kahawia. Likiathirika sana linamomonyoka. Sisi watu wazima tuliokuja na meno yetu yamekwisha kujengeka hatuongezewi doa. Mifupa ni habari nyingine: kunywa maji ya namna hiyo miaka mingi kunaumiza viungo, na wapo watoto kwenye vijiji vya huku waliopinda miguu.

Kwa binti yangu hakuna la kukwangua sasa. Daktari alisema jino bado changa, akikua kuna namna ya kulisugua juu juu kitaalamu au kulifunika kwa kizibo cha rangi ya jino. Akanikataza ndimu, majivu na mkaa wa kusaga. Nilipofika nyumbani nilimwomba mwanangu radhi.

Wa pili ana miaka miwili. Huyu bado meno yake yanajengwa, na kwake nimebadilisha kila kitu. Maji ya kunywa na ya kupikia yana ndoo yake yenye mfuniko wa bluu, na hakuna anayeigusa kwa kuoshea vyombo. Mvua za masika tunazikinga kwenye tangi, tukiacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha ya kunywa tunayachemsha. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kiangazi tunanunua ya chupa kubwa, na nimejifunza kugeuza chupa kusoma karatasi, maana nyingi zinaandika kiasi cha floraidi. Maji mengine yote ya nyumba ni ya bomba.

Naomba anayejua zaidi aongeze.

Kutoka: Nesi mstaafu, Pasua, Moshi

Mwanangu wa Njiro, pole, na umefanya vizuri kumwomba mtoto radhi.

Nimeolewa huku Uchagani mwaka wa 27 sasa. Naongeza jambo moja ambalo watu wa Moshi wanalipita wakisema "maji yetu ni ya Kilimanjaro, hayana neno." Angalieni magadi. Mama mkwe wangu alinifundisha kiburu, ndizi na maharage kwenye chungu kimoja, na hakuna siku aliyokipika bila kidonge cha magadi ili maharage yalainike upesi. Makande hivyo hivyo. Magadi ya huku yanatoka kwenye mabonde ya ziwa Natron na sehemu nyingine za magadi, na mengi yamebeba floraidi kwa wingi, hasa yale ya kuchota juu ya ardhi, ya vumbivumbi. Watafiti walikwisha kukuta watoto wenye madoa kwenye vijiji vya Kilimanjaro ambako maji hayana shida, na magadi yakatajwa. Mtoto anayeanza kula analishwa chakula hicho hicho kilichopondwa.

Dawa yake ni ndogo. Lowekeni maharage usiku kucha, asubuhi mwageni yale maji, pikeni kwa maji mapya. Kuni au gesi itaongezeka kidogo. Mama mkwe alikataa mwezi mzima, mpaka nilipompikia bila kumwambia, akala, akaomba tena. Leo anawafundisha wake za wanawe wengine.

Pia nawasihi msije mkatupa dawa ya meno kwa kuogopa floraidi. Huko ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Floraidi kidogo inayogusa jino kwa nje inalikinga lisitoboke. Inayoleta madoa ni ile inayomezwa kila siku wakati jino linajengwa. Jino lenye madoa nalo linatoboka. Mtoto chini ya miaka mitatu, dawa iwe kama punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Mtu mzima amsimamie, ateme, asimeze. Na akitema asisukutue kwa maji mengi, dawa ikae.

Angalieni pia lile gego la kwanza la ukubwani. Linatoka kwenye miaka sita, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wanadhani ni la utotoni. Likitoboka wanasema "litang'oka lenyewe, litaota jingine." Halioti jingine. Nimeona watoto wa darasa la nne wamekwisha kulipoteza.

Kutoka: Fundi majokofu, Sakina

Shikamoo mama wa Pasua. Dada wa Njiro, asante.

Mimi sina mtoto hapa, ila nina gego. Chini kushoto. Miezi minne nyuma nikinywa cha baridi lilikuwa linachoma kisha linatulia. Nikasema nitalitengeneza Desemba nikishuka Mombasa, kwa sababu kadi yangu ya bima ya nyumbani haikupokelewa huku. Sasa lina wiki linapwita usiku, nikilala ndiyo linazidi. Niliingia kliniki moja mjini, kijana akatazama kwa tochi, akasema tung'oe sasa hivi, sindano ya ganzi iko tayari. Nikatoka. Rafiki akaniambia nibandike aspirini kwenye ufizi. Nimebandika, ufizi umekuwa mweupe na unaunguza. Nisubiri Desemba au la?

Kutoka: Nesi mstaafu, Pasua, Moshi

Marahaba mwanangu. Usisubiri.

Aspirini itoe, suuza, usirudie. Ile ni tindikali, imekuunguza nyama. Ya kumeza ni ya kumeza. Karafuu inapooza kwa muda, tone la mafuta yake kwenye pamba ukaliweka juu ya jino, lakini inanyamazisha tu, haitibu.

Ulipokuwa unachomwa na baridi kisha panapoa, tundu lilikuwa bado halijafika moyoni mwa jino. Hapo ndipo pa kuziba, dakika chache tu. Linalopwita usiku bila kuguswa, hilo limefika kwenye mshipa. Sasa zimebaki njia mbili: kutibu mzizi, au kung'oa. Kutibu mzizi kunataka picha ya eksirei kwanza, safari moja hadi tatu, na mara nyingi gego hilo linataka kofia ya kulifunika baadaye lisipasuke. Kung'oa ni rahisi zaidi mfukoni, na si dhambi, lakini gego likitoka jirani zake wanalala kuelekea pengo na kutafuna kunahamia upande mmoja. Mwenye kukuambia ung'oe bila picha hajakupa nafasi ya kuchagua. Nenda Mount Meru, hospitali ya mkoa, au panda basi uje KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, wana idara ya meno. Uliza mambo matatu kabla ya kukaa kitini: linaweza kuokolewa? litagharimu jumla gani mpaka mwisho? nisipofanya leo kitatokea nini?

Na ukiona shavu linavimba, homa inapanda, mdomo haufunguki au mate hayamezeki, usiku huohuo kaone dharura. Usaha wa jino la chini unaweza kuteremka shingoni ukabana njia ya hewa. Hilo nimeliona kazini, na sitaki kulisikia kwako.

Wakiamua kung'oa, uma pamba kama nusu saa. Siku hiyo usisukutue kwa nguvu, usifyonze kwa mrija, usivute sigara, ile damu iliyoganda ndiyo bandeji yako. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Nina swali pia. Kwenye kazi unakunywa nini?

Kutoka: Fundi majokofu, Sakina

Chai ya maziwa, mama. Natembea na chupa ya moto tangu asubuhi, sukari vijiko vinne, nashushia kidogo kidogo mpaka saa kumi.

Nimepata nafasi kesho saa tatu. Nitapigwa picha kwanza.

Kutoka: Mama wa wawili, Njiro

Kaka, Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi kesho. Kuhusu chupa ya chai, daktari wetu alinieleza hivi: kila ukipiga funda la kitu chenye sukari, vijidudu vya kwenye ukoga vinatengeneza tindikali, na inachukua kama nusu saa mate kuisafisha. Funda moja kila robo saa maana yake jino halipumziki mchana kutwa. Vikombe viwili vya chai ile ile ukavinywa pamoja na chakula vina madhara machache kuliko chupa moja ya siku nzima. Baba watoto naye ana chupa yake ofisini, nimemwambia aijaze maji.

Sasa jambo la kupima maji, kwa sababu nimeandikiwa pembeni na familia tatu. Kwa macho wala kwa ulimi huwezi kujua. Yangu yalikuwa matamu. Na msitegemee kipimo cha jirani, kwani visima viwili mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Bomba la mjini nalo limepata maji mapya ya visima vya wilaya ya Hai kutoka ule mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, lakini mwenye kisima chake bado yuko na kisima chake. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji hapa Arusha, na ina kituo cha utafiti Ngurdoto kinachoshughulikia kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huo mkaa unafanya kazi, nimeuona kwa jirani yangu wa zamani, ila unachoka. Baada ya muda hauvuti tena, na maji yanatoka meupe vilevile, kwa hiyo ukinunua chujio uliza mkaa unabadilishwa lini, ukaandike tarehe ukutani. Kuna pia chujio la Dakta Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela hapa hapa, lililopata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Anayelitumia nyumbani atuandikie linavyokwenda.

Jumatatu napeleka chupa zangu maabara, moja ya kisima cha ile nyumba ya zamani, maana wapangaji wapya wana mtoto wa miezi mitano. Nimekwisha kuongea na mama yake. Anayetaka nimpelekee yake alete Jumapili jioni, malipo ya kipimo juu yake. Chupa iwe ya plastiki, si ya kioo. Isuuzeni mara tatu kwa maji yale yale mnayopima, jazeni mpaka juu, mfunge. Ubavuni andikeni mtaa, kama ni kisima au bomba, na tarehe. Geti letu ni la kijani, baada ya msikiti, nitakuwepo mpaka isha.