Picha za rada: kila cheusi ni maji?

mchora_ramani:
Habari wakuu. Nimeshusha picha za Sentinel-1, ile setilaiti ya rada ya Ulaya, nichore ramani ya mafuriko, maana picha za kawaida za setilaiti kipindi hicho zote ni mawingu matupu. Niliambiwa maji kwenye rada yanatokea meusi, basi nikaweka kiwango cha mng'ao, kila pikseli (kijimraba cha picha) iliyo chini ya hapo naiita maji. Sasa barabara ya lami imekuwa maji, uwanja wa ndege maji, mlima upande mmoja wote maji, halafu ule msitu wa bondeni ambao kila mtu anajua umezama unang'aa mweupe pee! Tatizo ni picha au ninavyoisoma? Na hizi chenga zilizojaa kila mahali zinatoka wapi?

mzee_wa_pikseli:
Picha haina shida mkuu. Rada sio kamera, shika hilo kwanza. Kamera inategemea jua, rada inatuma mawimbi yake yenyewe halafu inapokea kilichorudi, ndio maana usiku na mchana kwake ni sawa, na wimbi la Sentinel-1 lina urefu wa kama sentimita 5.6, vitone vya wingu ni vidogo mno kulizuia. Weusi maana yake kilichorudi ni kidogo sana, basi, haikwambii ni kitu gani.

Sasa setilaiti inamulika kwa ubavu, haitazami chini moja kwa moja, kwa hiyo sehemu yoyote laini inakuwa kama kioo ukikipiga tochi kwa mshazari, mwanga unaenda zake mbele. Maji yaliyotulia ni laini, lami ni laini, na mchanga mkavu pia huwa mweusi. Mlimani hapo ni kivuli tu, wimbi halikufika upande wa pili. Na kuna kinyume chake ambacho watu wengi wanakisahau: upepo ukivuma maji yakapata viwimbi, yanaanza kung'aa, na kiwango chako kitayaruka maji halali kabisa.

Msitu sasa. Wimbi linapenya kwenye majani, linagonga maji, linarukia kwenye shina la mti, linarudi lilikotoka likiwa na nguvu. Majengo nayo ndio hivyohivyo, ndio maana miji inawaka.

bendi_L:
Naongezea hapo kwa mzee. Hiyo ya msitu umebahatika miti yako haijasongamana. Msitu mnene wimbi la sentimita 5 linaishia juu kwenye majani, chini hata pakizama huoni kitu. Hapo unatafuta bendi L, wimbi la sentimita 24 hivi, kama setilaiti za ALOS za Wajapani, au NISAR ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025.

Halafu achana na kiwango cha picha moja. Chukua picha ya kabla ya mafuriko, njia ileile ya setilaiti, uelekeo uleule, polaraizesheni ileile (yaani upande ambao wimbi linatikisikia), kisha tafuta kilichobadilika. Lami ni nyeusi kwenye zote mbili, itajiondoa yenyewe. Shamba lililokuwa la kijivu likawa jeusi ndilo la kuangalia, na msitu uliozidi kung'aa nao uuhesabu. Vivuli vya milima viondoe kwa ramani ya miinuko, ile ya SRTM iliyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000 inatosha.

Chenga sio hitilafu. Ndani ya pikseli moja kuna vitu vingi, kila kimoja kinarudisha wimbi lake, mengine yanaongezana mengine yanauana, ndio unapata nukta nyeupe na nyeusi jirani kabisa. Tumia kichujio, programu ya SNAP inavyo na ni ya bure, ila usizidishe maana mito myembamba itafutika.

mchora_ramani:
Asanteni sana wakuu, hiyo ya picha mbili naifanya leo leo. Swali la mwisho, nasikia rada hizihizi zinapima ardhi inavyotitia hata kwa milimita, inawezekanaje wakati pikseli yenyewe ni mita kadhaa??

mzee_wa_pikseli:
Hapo hawapimi mng'ao, wanapima wimbi limerudi likiwa sehemu gani ya mzunguko wake. Setilaiti ikipita tena palepale na ardhi imesogea mbali nayo nusu ya wimbi, yaani sentimita 2.8 kwa Sentinel-1, mzunguko mmoja mzima unakuwa umehama, na sehemu ya mzunguko inasomeka, kwa hiyo ukikusanya picha nyingi unashuka mpaka milimita. Tetemeko la Landers kule California mwaka 1992 ndilo lililofanya dunia iamini, picha za ERS-1, setilaiti ya rada ya Ulaya ya wakati huo, zilionyesha ardhi ilivyosogea kwa mistari iliyozunguka ufa wote, na hapakuhitajika kifaa chochote kufungwa ardhini. Ila kwenye mafuriko yako haitakusaidia, uso wa maji haukai mkao mmoja, picha mbili hazitaoana. Majengo na miamba ndio saizi yake.