Naomba ushauri: kalamu ya mpingo inapauka mkononi

Mafundi wa mbao, naombeni msaada. Niko Kisauni, Mombasa, nakereza kalamu za mpingo kwa vipande ninavyonunua kwa wachongaji kule Changamwe. Kukereza si tatizo. Nikishapiga msasa namba 240, 400, 600 hadi 1000, kisha nta ya nyuki, mti unang'aa mweusi tititi, raha kuutazama.

Shida ni baadaye. Joto la hapa mnalijua, mkono hauishi jasho. Wiki mbili tu, pale vidole vinaposhika pameshapauka na kushika uchafu. Vanishi nimejaribu: kwenye mwarobaini ilishika vizuri, kwenye mpingo ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nahisi ni yale mafuta ya mti wenyewe. Kuna anayeufuta kwanza kwa asetoni? Na mnaotumia supagluu badala ya vanishi, mwapaka mara ngapi, na mwasubiri muda gani kabla ya kurudia, na unyevu huu wa pwani?

Mafuta ya nazi nimeyaacha, hayakauki.

Kalamu moja ni ya babu yangu, karani mstaafu wa bandarini. Bado huandika kila siku, na ningependa hii imfae.