Winga wa kilo 58, 72 au 90: yupi ana faida? Tulinganishe kasi, pumzi na majeraha

Teleza_Pembeni
Wakuu, salaam. Nisaidieni kabla sijavunja urafiki na watu niliosoma nao tangu darasa la tatu.

Tuna timu yetu upande wa klabu kwenye gemu la mpira la EA FC, lile lililokuwa linaitwa FIFA. Kila mmoja kamtengeneza mchezaji wake, mimi ni winga wa kulia. Nimekwama pale pa kuchagua urefu na kilo, nimebaki na watu watatu:

A: sm 168, kilo 58
B: sm 176, kilo 72
C: sm 187, kilo 90

Nahodha wetu anamtaka C, maana kila kona tunafungwa kwa kichwa. Nimemjaribu mechi nne. Mstari mnyoofu yuko vizuri tu, ila kumgeuza ni kama kugeuza semitrela uchochoroni Manzese. A anateleza kama kambale, lakini beki akimkoholea tu yuko chini na refa anasema twende. B sijamwelewa bado.

Naomba kujua: kilo zinapunguza kasi kweli au ni pambo? Mzito anakata pumzi mapema? Na kuumia je? Kuna jamaa yangu ana straika mnene kwenye ligi yake ya kujichezea, kila nikipita kwake yule straika yuko kwa daktari.

Babu_wa_Pedi
Chukua A. Winga ni miguu, hewani waachie mabeki.

Ila mtu asikudanganye kwamba mzito lazima awe mzembe. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya PS2 tunamkumbuka Adriano wa Inter kwenye gemu la mpira la PES 6. Jitu la sm 189, ukilipa mpira mguu wa kushoto kipa anaenda kuokota nyavuni. Kwetu kulikuwa na sheria: mwenye Inter harusiwi kupiga nje ya boksi mara mbili mfululizo, akipiga anaachia pedi. Na lilikuwa linakimbia! Kwa hiyo uzito siyo tatizo, tatizo ni walichomwandikia.

Babu_wa_Pedi
*haruhusiwi. Miwani.

Fomula_na_Ugali
Babu umegusa penyewe. "Walichomwandikia" ndiyo jibu la nusu ya swali.

Natengeneza kagemu kangu ka mpira ka kwenye simu (bado hakachezeki, msiulize lini), na hili suala la kilo limeninyima usingizi miezi. Kwenye fizikia ni jepesi: nguvu ileile ya miguu ukiigawa kwa kilo nyingi, mchomoko unapungua. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo huwa ni za mtu mwepesi. Lakini mwendo akishachanganya ni habari nyingine kabisa. Usain Bolt alikuwa na sm 195 na kilo zaidi ya 90, na ndiye aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009. Kilo za Bolt zilikuwa injini. Kilo zangu mimi ni mizigo. Mizani haijui tofauti, inasoma namba tu.

Sasa kosa nililofanya. Nilichukua kasi ya mchezaji, tuseme 90, halafu nikaikata kwa sababu ni mzito. Mabeki wote warefu wakawa wanatembea kama wamebeba friji. Nilichelewa kugundua kwamba nimewatoza kodi mara mbili. Mtu akipewa kasi 90, amepewa na watu waliomtazama akikimbia huku kilo zake zote ziko mwilini. Uzito umeshahesabiwa humo ndani. Ukiukata tena unamwonea.

Kwa hiyo kwa mchezaji halisi, Haaland au van Dijk, tazama namba ya kasi na uachane na kilo zake. Mchezaji wa kujitengenezea ni kesi nyingine. Yule hakuna aliyemwona akikimbia popote, ndiyo maana gemu linatumia urefu na kilo kumpikia namba. Mkuu, rudi kwenye ile skrini, sogeza kilo polepole, uone namba zipi zinatikisika. Hapo ndipo utajua kilo moja unainunua kwa bei gani.

Teleza_Pembeni
Nimetoka kutazama. Nikipandisha kilo, mchomoko, wepesi wa kugeuka na usawa wa mwili vinashuka, nguvu ya mwili inapanda. Nikishusha, kinyume chake. Kumbe siku zote nilikuwa naangalia sura ya mchezaji inavyonenepa tu.

Mrefu_Si_Mjinga
Ongezeni na hili. Kwenye FIFA 23 walileta mfumo wa AcceleRATE, unaogawa wachezaji kwa namna wanavyoingia kwenye mbio: Explosive ni wa kuchomoka, Controlled wa katikati, Lengthy wa kuchelewa kuchanganya ila akichanganya humkamati. Toleo la FC 24 wakazigawa zaidi, zikawa aina saba. Mfumo unatazama urefu, wepesi, nguvu na mchomoko. Kilo hazimo kwenye hiyo hesabu.

Lakini soma alichoandika Teleza hapo juu. Ukimwongezea kilo mchezaji wako wa klabu, nguvu inapanda na wepesi unashuka, na hizo ndizo namba mbili zinazomsogeza mtu kuwa Lengthy. Kilo zimefukuzwa mlangoni zikapitia dirishani! Ndiyo maana FIFA 23 ilivyotoka klabu zilijaa majitu. Unakutana na timu ina mawinga wawili marefu kama nguzo za umeme, wanaanza kama wazee, mita 30 mbele hakuna wa kuwashika. Wale wa kampuni waliona malalamiko wakayapunguza makali.

Kwa winga anayependa mpira umwagwe nyuma ya mabeki akimbilie, C si mchezaji wa kudharau. Kwa winga wa kusimama na beki ana kwa ana, akapiga chenga ndani ya hatua mbili, C ni msiba.

Kitambi_FC
Mmemsahau mfalme wetu, straika Akinfenwa? Zaidi ya kilo 100, kwenye gemu la FIFA kila mwaka alikuwa anatajwa kama mwenye nguvu kuliko wote, na hakuna aliyewahi kumsajili ili akimbie. Unampa mpira, anageuza mgongo, beki anaanza kutafuta njia ya kuzunguka jengo. Alipostaafu 2022 niliweka pedi chini kwa heshima dakika moja.

Mimi mwenyewe nina kilo 104, Jumapili nacheza winga mtaani kwetu. Pumzi dakika 12.

Kocha_wa_Kiti_Nairobi
Wadau wa Bongo, hamjambo. Mimi pedi niliwaachia watoto, niko Football Manager, gemu la ukocha, na huku mambo ya pumzi na majeraha yametenganishwa vizuri kuliko huko kwenu.

Kilo zipo kwenye wasifu wa mchezaji, lakini miaka yote niliyocheza sijaona zikifanya kazi yoyote ya maana. Kinachofanya kazi ni namba za 1 hadi 20. Mchomoko ni namba yake, kasi ya juu ni namba yake. Pumzi nayo imegawanywa: kuna stamina, ambayo ni uwezo wa kumaliza dakika 90 bado ana miguu, na kuna ile wanaiita Natural Fitness, ambayo ni jinsi mwili unavyorudi baada ya mechi. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza 16 na ya pili 8. Huyo Jumamosi atakufurahisha, Jumatano atakuaibisha.

Kuhusu majeraha, kuna namba iliyofichwa kabisa, huwezi kuiona kwenye wasifu, inayoamua mtu ni mwepesi kuumia kiasi gani. Unaambiwa tu na ripoti za makocha na madaktari. Nina beki wa kilo 94 ambaye misimu mitatu hajakosa hata mazoezi, na kiungo wa kilo 63 ambaye nikimtazama vibaya anashika paja. Kwa hivyo huyo straika wa rafiki yako, usiangalie kitambi. Aangalie ripoti, na aangalie anampumzisha lini. Watu wengi hapa wanachezesha mtu mechi tatu kwa wiki, mazoezi makali juu, halafu wanalaumu gemu.

(Tulivyoambiwa Februari 2025 kwamba toleo jipya la Football Manager, FM25, limefutwa nilirudi kwenye FM24. Huo mchezo niliousevu bado unaendelea. Mke wangu hajui.)

Pweza_Forodhani
Shekhe, kwa gemu la eFootball mambo ni mepesi zaidi. Kadi ya mchezaji inaonesha urefu na uzito, lakini mimi siutazami. Natazama kasi, mchomoko, kugusana mwili, usawa na stamina. Kuumia kuna kipimo chake peke yake, ngazi tatu tu, chini, kati, juu. Kilo kamwe sijazifikiria hadi leo hii mlivyonitia wasiwasi.

Dada_Bandeji
Naingilia kama mtu wa fiziotherapia, halafu nirudi kwenye gemu, maana na mimi nacheza.

Kuna dhana inarudiwa hapa kwamba mwepesi haumii. Siyo hivyo. Kwenye soka la kulipwa jeraha la misuli linaloongoza ni la msuli wa nyuma ya paja, na mara nyingi linatokea mtu akiwa kwenye mbio kali. Nani anakimbia mbio kali mara nyingi zaidi? Winga wako A. Mambo yanayotabiri vizuri kwamba mtu ataumia tena ni kwamba ameshaumia hapo kabla, na umri. Halafu uchovu: misuli ya nyuma ya paja inachanika zaidi kuelekea mwisho wa kila kipindi, zile dakika za lala salama ambazo ninyi ndiyo mnashikilia kitufe cha mbio bila kuachia.

Uzito una kazi yake, lakini kwenye viungo zaidi. Kila akitua au akikata kona, goti na kifundo vinabeba. Na joto: mwili mkubwa unazalisha joto jingi, mechi ya saa tisa mchana Dar haina huruma naye. Na kilo za misuli si sawa na kilo za mapumziko. Eden Hazard mwenyewe alikiri kwamba alifika Real Madrid 2019 akiwa ameongeza kilo kama tano wakati wa likizo. Ronaldo wa Brazil alipostaafu 2011 alieleza kwamba ana tatizo la tezi ya thairoidi, iliyofanya kupunguza uzito kuwe vita, na tayari magoti yalikuwa yameshamsumbua miaka. Watu walimcheka kwa tumbo. Alikuwa anaumwa.

Hapo ndipo gemu zote hizi zinaniudhi. Mchezaji ana kilo 78 mwezi wa nane, ana kilo 78 mwezi wa tano. Amevunjika mguu, amekaa nje miezi sita, kilo 78! Wangeacha uzito upande na kushuka, halafu huo mpando ndio uguse pumzi na hatari ya kuumia. Kilo zenyewe zilizokaa tuli hazinielezi kitu.

Fomula_na_Ugali
Dada, nimeinakili hiyo. Kwangu itakuwa: kila mchezaji ana uzito wake wa kawaida, adhabu inahesabiwa kwa alichozidisha juu ya huo tu. Kwa hiyo mtu wa kilo 95 aliyezaliwa hivyo halipi chochote, wa kilo 75 aliyerudi likizo na 80 analipa. Nitakuweka kwenye orodha ya shukrani.

Babu_wa_Pedi
Orodha ya shukrani ya gemu lisilochezeka.

Mrefu_Si_Mjinga
😂😂 Babu!

Dada_Bandeji
Turudi kwa Teleza. Upande wa klabu mimi sijawahi kutolewa na machela, kwa hiyo majeraha yaondoe akilini. Pumzi ndiyo itakusumbua, nayo haitokani na kilo peke yake, inatokana na kidole chako. Nimecheza na mtu wa aina ya A aliyemaliza betri dakika ya 60 kwa sababu alikuwa anakimbia hata akisubiri kurusha mpira. Weka pointi zako za ujuzi kwenye stamina kabla ya kuongeza kasi ambayo tayari unayo.

Teleza_Pembeni
Sawa, nimefanya jaribio langu. Jana usiku nilimchukua mshikaji mmoja anayecheza beki wa kushoto, tukaingia uwanja wa mazoezi, nikabadilisha mwili mara tatu.

A: nikisimama naye ana kwa ana, nampita kila mara kwenye hatua ya kwanza. Ila akinifikia bega, mpira kwaheri. C: hatua ya kwanza ananikamata, lakini nikipewa mpira wa mbele tukianza sawa, katikati ya safari namwacha na akinigonga hainitikisi. B alinishangaza. Hampiti kwa mbwembwe, lakini mpira akiwa nao anabaki nao. Nimemshusha hadi kilo 68, urefu ule ule, akaanza kuchomoka vizuri bila kuwa karatasi.

Kwa hiyo nabaki na B wa kilo 68, pointi kwenye stamina kama dada alivyosema. Habari ya kona nimeirudisha kwa nahodha: yeye ndiye beki wa kati, hizo sm 187 na kilo 90 azivae mwenyewe. Mnajua nahodha wetu kajitengeneza na sm ngapi? 171. Beki wa kati!

Kitambi_FC
Kwa hiyo alikuwa anataka winga akamrukie yeye 💀

Nahodha_wa_Kweli
Nimetumiwa hii linki. Hizo 171 ni urefu wangu halisi na siongezi hata nukta. Mechi saa tatu usiku, Teleza uje na huyo B wako, tuone kona ya kwanza.