Kambi ya hifadhi ya jangwani: tunalipia giza na ukimya, tunapewa jenereta na bomba kavu

Wakuu, salaam. Nina hasira na sizifichi. Nimetoka kulala kwenye kambi ya hifadhi ya taifa iliyoko jangwani, kambi ya kulipia, ya kuweka nafasi miezi kadhaa kabla, na sijaona mahali ambapo mgeni anapokelewa fedha zake kisha anaachwa kiasi kile. Jina la hifadhi silitaji. Nikisoma malalamiko ya wenzangu humu naona ugonjwa ni uleule, majina tu ndiyo yanabadilika.

Nianze na bomba, maana hilo ndilo lingeweza kuua mtu.

Ubao wa getini una alama ya bomba. Ukurasa wa kuweka nafasi unasema maji yapo. Ujumbe wa kuthibitisha malipo haukusema lolote tofauti. Unafika jioni, unashika dumu lako, unakwenda bombani, unakuta limevishwa mfuko mweusi wa plastiki na kufungwa kwa kamba. Hakuna karatasi, hakuna tarehe, hakuna mshale wa kukuonyesha maji mengine yako wapi. Mfuko wenyewe umepauka kwa jua na umeanza kupasuka kwenye mikunjo. Kwa hiyo bomba halikuharibika asubuhi ile. Kuna watu walijua kwa muda mrefu kwamba maji hayatoki, na bado wakaendelea kupokea fedha za wageni.

Mimi nilikuwa na maji ya kutosha kwenye gari. Jirani zangu, baba na mama wenye watoto wadogo, walikuwa na chupa za njiani tu, kwa sababu waliuamini ubao. Tukagawana. Lakini hebu fikirieni wangekuwa peke yao, gari lina hitilafu, simu haina mtandao, na joto la kesho yake.

Najua kuna watakaosema maji ni jukumu la mgeni. Sawa, na kila mtu abebe ya akiba. Ila tuelewane kuhusu kiasi. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, yenye majangwa mengi chini yake, inashauri angalau galoni moja, yaani karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku. Watu watano ni lita 20 kwa siku moja, kabla hujaosha hata sufuria. Ukikaa siku kadhaa ni madumu na madumu. Mtu anayeambiwa kwamba maji yapo anapanga mzigo wake kwa taarifa hiyo. Na hewa ya jangwani ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona likitiririka. Unadhani hutoki jasho, kumbe mwili unapungukiwa maji saa nzima iliyopita. Mtoto ndiyo kabisa, hawezi kukueleza. Anaanza kuumwa kichwa, anakataa chakula, analia bila sababu, na wewe unadhani ni uchovu wa safari.

Mstari mmoja tu kwenye ujumbe wa uthibitisho, "bomba la kambi halitoi maji, njoo na yako," ungetosha. Kuuandika hakugharimu chochote. Hawakuuandika.

Jambo la pili ni nafasi yenyewe niliyopangiwa. Kwenye ramani ya kuchagulia nafasi ni kamraba tu, sawa na vimraba vingine. Ukifika unakuta kumejaa mchanga laini, tambarare, kuzuri mno kwa hema. Nikawa natafuta pa kupigia vigingi, nikainua macho kwenye kichaka cha pembeni: matawi makavu, nyasi na kipande cha kamba vimenasa kwenye shina, usawa wa kiuno changu, vyote vimelala kuelekea upande mmoja. Anayejua jangwa hahitaji maelezo zaidi. Maji yalipita pale kwa kimo kile. Hiyo nafasi imechorwa ndani ya mkondo wa korongo kavu.

Watu wanacheka ukiwaambia kwamba jangwani kuna hatari ya mafuriko. Ardhi iliyookwa na jua na miamba mitupu hainyonyi maji haraka, mvua ikinyesha milimani huko usikokuona yanashuka yote kwa pamoja kupitia makorongo, na hapo ulipo mbingu inaweza kuwa safi kabisa. Tarehe 5 Agosti 2022, pale Death Valley, hifadhi ya taifa ya jangwani huko California, Marekani, sehemu yenye joto kali kuliko karibu zote duniani, ilinyesha milimita 37 kwa saa chache, karibu robo tatu ya mvua ya mwaka mzima. Takriban watu 1,000 walikwama, na magari kama 60 yakafukiwa na kifusi. Mwaka uliofuata, 20 Agosti 2023, mabaki ya kimbunga Hilary yakaleta mvua kubwa zaidi na hifadhi ikafungwa kwa karibu miezi miwili. Sasa mtu wa hifadhi, aliyesomea kazi yake, anachora vipi nafasi ya kulala watu ndani ya korongo? Nikahamia nafasi ya jirani iliyokuwa tupu. Na huo nao ni upuuzi mwingine: mfumo ulionyesha kambi imejaa, lakini usiku nafasi nyingi zilibaki wazi, watu wamelipia na hawakutokea, na wengine waliogeuzwa getini walikosa pa kulala.

Haya, sasa jenereta.

Wakuu, mnajua kwa nini mtu anaenda kulala jangwani. Hakuna bwawa la kuogelea, hakuna kivuli, hakuna lolote la kustarehesha mwili. Kuna vitu viwili tu ambavyo mjini hupati kwa fedha yoyote: ukimya na giza. Hivyo ndivyo tunavyovifuata, na hivyo viwili ndivyo viliharibiwa mbele ya macho yetu na watu wachache, huku hakuna wa kuwagusa.

Kanuni ipo, imebandikwa pale pale karibu na vyoo: ukimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Jenereta la gari-nyumba moja linanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, wakati nje baridi imeshaingia na watu tumevaa makoti! Jangwani hakuna mawingu wala unyevu wa kushika joto la mchana, usiku ukiingia linapotea juu. Fungua dirisha, ndugu yangu. Hewa iliyopo nje ni bora kuliko ya mashine yako.

Na msidhani kelele ile inaishia kwao. Usiku ardhi ya jangwani inapoa haraka, hewa ya baridi inalala chini na ya joto inabaki juu, na hali hiyo inaifanya sauti iiname kurudi ardhini badala ya kupotea angani. Hakuna miti wala majani ya kuimeza. Jenereta ambalo mchana ungelisikia kwa mbali, usiku liko mlangoni kwa hema lako. Kanuni za hifadhi za taifa za Marekani zinakataza mashine yenye kelele inayozidi desibeli 60 ikipimwa kutoka umbali wa futi 50, yaani kama mita 15. Ina maana jambo hili linapimika, lina namba, lina sheria. Hakuna sababu ya kuliacha kwenye hiari ya jirani.

Tena si sisi tu tunaoumia. Jangwa linafanya kazi usiku. Mchana viumbe vimejificha, usiku ndio vinatoka kutafuta riziki, na vingi vinategemea masikio. Mbweha masikio anasikiliza wadudu chini ya udongo ndiyo achimbe. Kule jangwa la Namib, nchini Namibia, kuna fuko wa dhahabu, hana macho ya kuona, anapita ndani ya mchanga na kutafuta mchwa kwa kuhisi mitetemo. Weka injini hapo usiku kucha, halafu uambiwe hii ni hifadhi. Hifadhi ya nini?

Taa nazo. Gari lilelile lilikuwa na taa za mkanda zimezungushwa pande zote, nyeupe kali, na taa nyingine kubwa juu inamulika mpaka mlimani. Jicho la binadamu linahitaji kama dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lizoee na kuona nyota hafifu. Mwanga mweupe mmoja ukikupiga, unaanza upya. Mwanga mwekundu hafifu hauharibu kiasi hicho, na tochi nyingi za kichwani siku hizi zinao. Watoto wa jirani walikuwa wamekaa juu ya jiwe kuanzia magharibi, baba yao anawaonyesha nyota za Kilimia, wanazihesabu, yule mdogo anabisha kwamba yeye anaziona zaidi ya dada yake. Taa zikawashwa. Kilimia ikafifia, mtoto akauliza zimekwenda wapi, baba akawaambia twendeni tukalale. Hiyo ndiyo safari yao waliyoilipia.

Kuna maeneo yamepigania giza hili mpaka yakatambuliwa kimataifa. Hifadhi ya NamibRand huko Namibia mwaka 2012, Death Valley mwaka 2013. Waliweka utaratibu, wakabadilisha taa za majengo yao wenyewe. Inawezekana.

Mengine nayapitia haraka. Vyoo vilikuwa havijaguswa siku nyingi, sitaeleza zaidi. Mapipa ya taka yamefurika na vifuniko viko wazi, kunguru wamejaa juu yake tangu alfajiri. Kwenye jangwa la Mojave, Marekani, watafiti wameshaonyesha kwamba kunguru waliongezeka kwa sababu ya taka na maji ya binadamu, na kunguru haohao wanakula kobe wa jangwani wakiwa wadogo, magamba yao bado laini. Kwa hiyo pipa lisilofungwa ni suala la uhifadhi. Kuni: watu wanaokota matawi makavu kila upande wakati ubao unakataza, na jangwani mti uliokufa ni nyumba na kivuli cha viumbe wengi. Magari yanapita juu ya udongo wenye ukoko mweusi wenye vinundu. Ule ukoko ni hai, umejengwa na sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), kuvu na mimea midogo sana, ndio unaozuia udongo usipeperuke, na ukikanyagwa unaweza kuchukua miongo kupona. Hakukuwa na hata kamba ya kuonyesha usipite hapa.

Askari wa hifadhi nilimwona mara moja, mchana, ndani ya gari, hakushuka. Kibanda cha getini kilikuwa kimefungwa. Namba ya dharura iliyobandikwa inahitaji mtandao ambao haupo pale. Niliporudi nikaandika barua ndefu, nikaambatanisha picha za bomba na za kichaka kile. Jibu lilikuja la mistari michache: wanashukuru kwa maoni yangu, wanawahimiza wageni wajiandae vizuri kwa mazingira ya jangwa. Nijiandae! Mimi ndiye niliyegawa maji.

Ninachodai kinaandikika kwenye karatasi moja. Hali ya maji iwekwe kwenye ukurasa wa kuweka nafasi na ibadilishwe siku ileile bomba linapokufa. Nafasi zilizo ndani ya korongo zifutwe. Mtu mmoja wa hifadhi apite kambini saa nne usiku, azime kinachotakiwa kuzimwa. Asiyetokea bila kutoa taarifa nafasi yake itolewe kwa mwingine. Na mwenye kulipishwa kwa huduma ambayo haikuwepo arudishiwe fedha bila kubembeleza.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyeandika "jangwa ni jangwa, ukitaka raha nenda hotelini", soma tena. Sijalalamikia joto, vumbi, upepo wala nge. Hivyo nilivifuata mwenyewe. Aliyeleta hoteli jangwani ni mwenye kiyoyozi na taa za mkanda.

Dada uliyeuliza kuhusu mgonjwa anayelala na mashine ya kupumulia, swali lako ni la haki na nashukuru umelileta. Mashine hizo nyingi zinaweza kuendeshwa kwa betri iliyochajiwa mchana, saa ambazo jenereta linaruhusiwa. Na kambi zinaweza kutenganishwa. Death Valley wana kambi ya Texas Springs ambako jenereta ni marufuku kabisa, wenye magari makubwa wana kambi yao nyingine jirani. Kila mtu amepata mahali. Hapa kwetu tumechanganywa wote kwenye uwanja mmoja, halafu tunaachwa tugombane wenyewe kwa wenyewe usiku wa manane.

Na wewe uliyesema ulilala kambi hiyohiyo wiki chache kabla yangu na bomba lilikuwa na mfuko huohuo: tafadhali weka picha hapa, yenye tarehe. Barua yangu ya pili naituma kwa ngazi ya juu yao, na nitaiambatanisha. Wengine wenye picha za kambi zenu zenye mabomba ya namna hii, zileteni pia, ila andikeni mlilala lini na mlilipia nini.